Kilwa Kisiwani: Kijiji Kidogo Chenye Ngome Kubwa

Ndugu msomaji, neno "gereza" sote tunalijua. Ni mahali pa kufungia wahalifu. Lakini huko kusini ya nchi yetu, katika kisiwa cha Kilwa, wenyeji wakisema "Gereza" hawana maana ya wafungwa. Wana maana ya ngome kuukuu iliyosimama ufukoni, ikitazama bahari.

Tulipoyazungumza haya katika darasa letu la jioni hapa Kahama, mzee mmoja aliuliza: "Mwalimu, sisi ni watu wa bara. Tunalima mpunga na pamba, na wengine tunachimba dhahabu. Ngome za pwani zinatuhusu nini?"

Swali la mzee ni zuri. Makala hii ni jibu lake.

KILWA IKO WAPI?

Kilwa iko katika Mkoa wa Lindi, kiasi cha kilometa 300 kusini ya Dar es Salaam. Kuna Kilwa tatu. Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya. Kilwa Kivinje ni mji wa zamani ulio kaskazini yake. Ya tatu ni Kilwa Kisiwani. Kwenda huko unapanda mashua kutoka Masoko, ukavuka mkono mfupi wa bahari.

Ukishuka unakuta kijiji cha wavuvi na wakulima. Nyumba nyingi ni za miti na udongo. Watoto wanacheza, wanawake wanachota maji, mbuzi wanakula majani. Lakini katikati ya nyumba hizo kuna kuta kubwa za mawe, misikiti mikuukuu na makaburi ya masultani. Kumbe kijiji hiki kilikuwa mji mkubwa uliojulikana mpaka Uarabuni, Bara Hindi na China.

DHAHABU ILIPITA HAPA

Sisi watu wa Kahama na Geita tunaijua dhahabu. Watu wa Kilwa nao waliijua, ingawa kwao haikuchimbwa hata punje moja. Dhahabu yao ilichimbwa mbali sana, katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe. Ililetwa mpaka bandari ya Sofala, ambayo sasa iko Msumbiji. Kutoka Sofala ilipakiwa vyomboni ikaletwa Kilwa. Wafanyabiashara kutoka ng'ambo walileta nguo, shanga na vyombo vya udongo vya China, wakaondoka na dhahabu na pembe za ndovu. Sultani wa Kilwa alitoza ushuru. Basi mji ukatajirika.

Kilwa ilikuwa hata na fedha yake yenyewe, sarafu ndogo za shaba zenye majina ya masultani. Sarafu moja ya namna hiyo imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu.

Sultani aliyejenga zaidi ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa miaka ya 1300. Alijenga jumba linaloitwa Husuni Kubwa, juu ya genge la bahari. Neno "husuni" limetoka katika Kiarabu, maana yake ni ngome. Lakini Husuni Kubwa lilikuwa jumba la kifalme na la biashara. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe nane. Karibu yake kuna Husuni Ndogo, lenye ukuta mnene pande zote. Mwaka 1331 msafiri wa Moroko aitwaye Ibn Battuta alifika Kilwa. Aliusifu sana mji huo, na akaandika kwamba sultani alikuwa mtu mkarimu mno.

WALIJENGAJE?

Hawakuwa na saruji. Walitumia mawe ya matumbawe kutoka baharini. Jiwe la tumbawe likitolewa majini ni laini, linachongeka kwa urahisi. Likikauka, linakuwa gumu. Mawe mengine waliyachoma juu ya rundo kubwa la kuni mpaka yakawa chokaa. Chokaa ikachanganywa na mchanga na maji, ikawa udongo wa kushikia mawe.

Dari zao zilishikwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko si ndefu sana. Ndiyo sababu vyumba vya zamani vya pwani ni vyembamba, kama meta tatu hivi, hata vikiwa virefu.

WARENO WANAFIKA

Mwaka 1502 Mreno Vasco da Gama alikuja Kilwa na merikebu zenye mizinga. Alimlazimisha mtawala, Amiri Ibrahim, atoe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. La sivyo, mji ungepigwa mizinga. Dhahabu ikatolewa. Ilipofika Ureno ilifanywa chombo cha ibada cha kanisani, kilichokamilika mwaka 1506. Chombo hicho kipo mpaka hivi leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon.

Mwaka 1505 Wareno walirudi chini ya Francisco d'Almeida. Safari hii hawakuridhika na kodi. Waliuteka mji, wakapora mali, wakajenga ngome ufukoni. Lakini hawakukaa sana. Wafanyabiashara walianza kuikwepa Kilwa, faida ikapungua, na mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome yao. Nao mji haukurudia tena utajiri wake wa kwanza.

GEREZA LA WAOMANI

Katika miaka ya 1700 Kilwa ilipata biashara nyingine, nayo ilikuwa mbaya kabisa. Ilikuwa biashara ya watu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa, apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walipelekwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi kulima katika mashamba ya Wafaransa.

Baadaye Waarabu wa Omani waliitawala Kilwa. Mnamo mwaka 1800 walijenga ngome mahali palipokuwa ngome ya Wareno. Hiyo ndiyo Gereza tunayoiona leo. Ina umbo la mraba, mlango mkubwa wa mbao, na minara ya mviringo katika pembe mbili zinazokabiliana. Katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho wa Kilwa aliondolewa, akapelekwa uhamishoni. Biashara ilikuwa imehamia Kivinje. Kisiwa kikabaki kijiji.

Sasa je, neno "gereza" limetoka wapi? Limetoka katika neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ndani ya ngome zao Wareno walikuwa na makanisa, na wenyeji wakalichukua neno hilo kuita ngome yenyewe. Baadaye ngome zikatumika kufungia watu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 mpaka 1958. Hivyo neno la kanisa likawa neno la ngome, na neno la ngome likawa neno la kifungo.

Sisi wa bara nasi tumetoa neno letu. "Ikulu" ni neno la Kinyamwezi na Kisukuma, maana yake ni makao ya mtemi. Leo taifa zima linalitumia.

BAHARI INAKULA UKUTA

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mawimbi yalikuwa yanakula ufuko, na sehemu ya ukuta wa Gereza upande wa bahari ilikuwa imeanguka. Mizizi ya miti ilipasua kuta. Mahali palipokatwa mikoko, mawimbi yalipiga kwa nguvu zaidi, kwa maana mizizi ya mikoko hushika udongo na kupunguza nguvu ya maji.

Kazi ya kuokoa ilifanywa na serikali, wafadhili na wanakijiji wenyewe. Mafundi walijifunza tena kutumia chokaa badala ya saruji. Mawe yalipangwa ndani ya nyavu za waya ili kuzuia mawimbi. Mwaka 2014 Kilwa iliondolewa katika orodha ya hatari. Lakini bahari haipumziki, wala kazi haijaisha.

NA SISI JE?

Tulipofika hapo, mama mmoja alisimama darasani. Alisema kijijini kwao vijana walichimba mahali palipokuwa ikulu ya mtemi wa zamani. Walikuwa wakitafuta rupia za Mjerumani. Walichimba usiku tatu. Hawakupata hata rupia moja. Walipata vipande vya vyungu, majivu na vyuma vyenye kutu, wakavitupa porini.

Yule mzee aliyeuliza swali akatikisa kichwa. Akasema: "Basi wametupa kitabu."

Amesema kweli. Wataalamu waliochimba Kilwa kuanzia mwaka 1958 walijua habari nyingi kwa kutazama vigae vilivyovunjika. Kigae cha China kiliwaonyesha biashara ilifika wapi. Kigae kilicho chini zaidi ardhini kiliwaonyesha kipi kilitangulia. Lakini kigae kikihamishwa bila mpango, hakisemi kitu tena.

Ngome za watemi wetu hazikuwa za mawe. Zilikuwa za miti, udongo na minyaa, na nyingi zimeoza. Kilichobaki ni kidogo, tena kimo ardhini na katika vichwa vya wazee. Kwa hiyo sisi tuna haja ya kuvitunza kuliko hata watu wa Kilwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mahali pa kale bila kibali. Ukiona kitu cha kale, usikichukue. Mwambie mwenyekiti wa kijiji, naye apeleke habari kwa ofisa utamaduni wa wilaya.

Nawe uliyejifunza kusoma na kuandika, chukua daftari. Mwendee mzee wa kijiji chako, andika anayoyajua. Dhahabu ya Kilwa ilikwisha kuondoka zamani. Habari zake tunazo kwa sababu watu waliandika, na kuta zikatunzwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kilwa haikuchimba dhahabu. Ilitajirika kwa njia gani?
2. Kwa nini kukata mikoko kuliiletea Gereza hasara?
3. Katika kijiji chenu kuna mahali gani pa kale? Nani anapatunza?