Betri Inaonewa Bure

Ukitoka Ruiru kwenda Thika, kahawa ingali imesimama hapa na pale kati ya majumba ya kupangisha, na Juja, katikati ya safari, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Katika kahawa hiyo kingefaa sana kifaa kidogo cha kupima unyevu wa udongo: bodi, sensa, betri, basi. Kikizima baada ya siku mbili, wa kwanza kulaumiwa ni betri, na dawa inayotajwa ni betri kubwa zaidi. Nasema betri inaonewa. Umeme unaliwa na vitu ambavyo shamba halivihitaji.

Bodi ya Arduino Uno hula takriban miliampia 45 hata ikikaa bure. Betri ya miliampia-saa 2,500 haimalizi siku ya tatu. Chipu yake, ATmega328P, ikilazwa usingizi mzito huku saa ndogo ya kuiamsha ikihesabu, hutosheka na maikroampia chache, maelfu ya mara chini ya hapo. Lakini ilaze ikiwa bado kwenye bodi ya bei nafuu, na betri itakufa ndani ya wiki mbili hivi. Nani anakula? Kwanza, ile taa nyekundu ya kuonyesha kwamba umeme upo. Inawaka usiku kucha chini ya mibuni, haitazamwi na mtu, na inavuta miliampia 2 au 3. Pili, regyuleta ya AMS1117, kijidude cheusi chenye miguu mitatu cha kudhibiti volteji, ambayo hutumia karibu miliampia 5 kujiendesha yenyewe hata chipu isipoomba chochote. Huo si ubovu. Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa wanafunzi waliofanya kazi mezani, kebo ikiwa kwenye kompyuta. Pale taa ina kazi yake. Shambani ing'olewe, iwekwe regyuleta kama MCP1700 inayojitosheleza kwa maikroampia 2 hivi, na sensa ipewe umeme wakati wa kupima tu. Sensa ya vijiti vya chuma ikiachiwa umeme mchana na usiku katika udongo wenye maji, vijiti vyenyewe huliwa.

Wapo watakaosema jua ni la bure, tuweke paneli. Lakini Julai huku wingu hukaa siku nzima, mibuni ina kivuli chake, na paneli shambani humwita mwizi. Pingamizi lenye uzito ni la mwanafunzi: kung'oa vipande kwa pasi ya kulehemu kunaweza kuua bodi pekee aliyo nayo. Nakubali. Ajifunzie kwenye bodi nzima, ila aipime kwa mita kabla ya kuipeleka shambani, na kipimo hicho kihesabiwe katika alama za mradi wake. Kinachobaki kigumu ni kutuma habari. Modemu ya GSM inaweza kuvuta hadi ampia 2 kwa vipindi vifupi ikiongea na mnara, na hapo hakuna taa ya kung'oa. Kinachowezekana ni kutuma mara chache zaidi, na swali linakuwa la kilimo: udongo huu mwekundu unakauka kwa kasi gani, na mkulima akipata kipimo kila robo saa atafanya nini ambacho asingefanya akikipata asubuhi na jioni?