Magoons wa Tao: Hii Siasa ya Kiboko Ilianzia Wapi, na Inaenda Wapi?

17 Juni 2025, Moi Avenue. Mbogi ya wanaume wanaingia tao na nduthi, mkononi nyahunyo na marungu. Hakuna yunifomu. Wanachapa waandamanaji, wanapora wapita njia, na makarao wako papo hapo. Siku hiyo hiyo, karibu na Imenti House, polisi alimpiga risasi ya kichwa kijana aliyekuwa anauza maski. Alifariki tarehe 30.

Polisi walitoa taarifa wakasema hawaungi mkono makundi kama hayo. Sawa. Lakini kama ulidhani zilikuwa fujo za siku moja, keti tuelezane.

Hii siasa inaitwaje?

Kwingine duniani, mrengo mkali wa kulia una sura na jina. Brazil walikuwa na Jair Bolsonaro. Aliposhindwa uchaguzi wa 2022, wafuasi wake walivamia Bunge tarehe 8 Januari 2023.

Kenya hatuna chama cha aina hiyo, na hakuna mheshimiwa atakuja kwa mtaa akijiita hivyo. Lakini mbinu tunazijua. Ni tatu: tafuta adui wa ndani, sifia nguvu kuliko sheria, kisha kazi chafu wape watu wasio na yunifomu ndio kesho uweze kuwakana.

Wazee wetu waliiona

1992, kundi la YK'92 chini ya Cyrus Jirongo lilimwaga ganji kumpigia Moi debe, hadi noti ya 500 ikabandikwa jina "Jirongo". Rais William Ruto mwenyewe aliingilia siasa hapo.

Baadaye ikaja Jeshi la Mzee, vijana wa kutetea KANU kwa rungu. 10 Juni 1999, nje ya Bunge, mchungaji Timothy Njoya alipigwa mbele ya kamera. Kosa lake? Kudai mageuzi ya katiba.

Adui hubadilishwa jina

Kwa miaka mingi adui alikuwa kabila lingine. Watu wa Kawangware wanakumbuka Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio: vibanda vikachomwa, na majirani waliokuwa wakikopeshana unga wakaanza kuwindana kwa kabila.

2024 Gen Z wakaja barabarani bila kabila na bila kiongozi. Hapo mchezo wa zamani ukakwama, ikabidi adui apewe jina jipya. Baada ya maandamano ya 25 Juni 2025, Waziri wa Usalama Kipchumba Murkomen alisema ule ulikuwa ugaidi uliojificha ndani ya maandamano, na jaribio la mapinduzi. Ukishamwita mtu gaidi, kumpiga kunaanza kuonekana ni kulinda nchi.

Kutoka tao hadi Lavington

6 Julai, siku moja kabla ya Saba Saba, kina mama walikuwa katika ofisi za Kenya Human Rights Commission huko Lavington, wakitaka polisi waache kuua watoto. Magoons wakavamia, kikao cha wanahabari kikavunjika. Kesho yake watu zaidi ya 30 waliuawa nchini, kwa hesabu ya tume ya haki za binadamu, KNCHR.

Tarehe 9, akiwa Kilimani, Rais alisema anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu. Kuchoma duka la mtu ni uhalifu, hilo halina ubishi. Lakini adhabu hutolewa na korti, si bunduki ya barabarani.

Kwa nini inakuhusu

Kiboko hakiulizi ulipigia nani kura. Pale tao walioumia ni pamoja na watu waliokuwa kazini au wakingoja mathree. Na kijana anayekodiwa anatoka mtaa ule ule na anayechapwa. Wote hawana kazi. Tofauti ni kwamba mmoja alipigiwa simu.

Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Mwenye rungu hakingwi na kifungu hicho, awe wa serikali au wa upinzani.

Uchaguzi ni Agosti 2027, na hizo simu zitaanza kulia mapema. Ikilia yako, kabla hujauliza ni ngapi, uliza kwanza unatumwa kumpiga nani. Anaweza kuwa jirani yako.