Kitochi Kikifa, Nunua Kipi?

Simu ndogo ya vitufe ina majina mengi mtaani, na karibu yote yamebeba dharau kidogo: kitochi, kiswaswadu, simu ya tochi. Anayeitoa mfukoni mbele za watu hujitetea kabla hajaulizwa, kwamba ile kubwa iko kwa fundi. Dharau hiyo haina msingi, na katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Mwakitolyo na Kahama hadi Nyarugusu na Rwamgasa, ina hasara, kwa sababu humfanya mtu ambaye simu yake imekufa anunue ya kuonyesha badala ya ya kufanyia kazi. Jina la kitochi lenyewe limetokana na tochi iliyokuwa kichwani mwa simu kama Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003. Simu hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na ilitengenezwa makusudi kwa nchi kama zetu: vitufe vilifunikwa ili vumbi lisipenye, na ubavuni iliwekwa mikwaruzo ili isiteleze mkononi. Mchimbaji hununua moko kwa jinsi inavyohimili mwamba, hata rangi yake haitazami. Simu ya machimboni nayo inastahili kupimwa hivyo.

Tuanze na vidole. Kioo cha kupangusa hakijali umekibonyeza kwa nguvu kiasi gani. Kinachokihusu ni mabadiliko madogo ya umeme yanayotokea kidole kinapokigusa. Ndiyo maana tone la maji hukidanganya kikadhani ni kidole, na glavu ya mpira hukifanya kisihisi chochote. Sasa mfikirie anayeosha dhahabu kwenye mwalo, mikono imelowa tope hadi kwenye viwiko, au anayelisha karasha akiwa amejaa unga wa mawe. Kitufe hakihitaji zaidi ya kubonyezwa. Tena kwenye namba 5 kuna kipele kidogo ambacho kidole gumba hukipata gizani, na kutoka hapo mtu anajua namba nyingine zote zilipo bila kutazama. Ni kweli kuandika kwa vitufe kunachosha. Neno “nimefika” peke yake linadai mibonyezo 17, na kwa kuwa e na f zinakaa kwenye kitufe kimoja cha 3, ukishaandika e lazima usubiri kidogo, la sivyo simu itaichanganya na herufi inayofuata. Wapo waliopenda simu zenye kibodi kamili, kila herufi na kitufe chake, kama BlackBerry na Nokia E71. Hizo zimeshapita. BlackBerry ilitangaza Septemba 2016 kuwa inaacha kutengeneza simu zake yenyewe, na tarehe 4 Januari 2022 ikazima huduma za simu zinazotumia mfumo wake wa zamani. Ukiuziwa moja iliyotumika kwa bei ya kutupa, jua kwamba kweli imetupwa.

Pingamizi la kwanza ni kwamba dunia ya sasa ni ya pesa mtandaoni, na kitochi kimeachwa nyuma. Hapa ukweli uko upande wa kitochi. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, ilijengwa juu ya simu za vitufe, na hadi leo nyota 150 nyota 00 reli hufungua menyu bila bando la intaneti. Mitandao mingine nayo ina namba zake za aina hiyo. Mauzo ya soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, malipo ya vibarua wa duarani, mchango wa msiba kijijini, hata bili ya serikali yenye kontroli namba, vyote hupita humo. Bei ya dhahabu ya siku huulizwa kwa kupiga tu. Usalama ni habari nyingine: ujumbe wa “ile pesa itume kwenye namba hii” huingia kwenye simu ya aina yoyote, na kinga yake ni kichwa cha anayeusoma.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: WhatsApp. Vikundi vya wachimbaji, vya wazazi wa shule na vya ukoo vimehamia huko. Kwa muda ilionekana kana kwamba jibu limepatikana, zilipokuja sokoni simu za vitufe zinazotumia mfumo wa KaiOS, zikiwemo zilizoitwa Smart Kitochi hapa nchini, zenye intaneti na WhatsApp ndani yake. Lakini Juni 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la programu la KaiOS. Aliyelipa zaidi kwa ajili ya programu hiyo moja alijikuta na kitochi cha kawaida kilichonunuliwa kwa bei ya juu. Kwa hiyo usikubali kuongeza pesa kwa sababu ya alama ya programu iliyochorwa kwenye boksi. Anayehitaji WhatsApp kweli anunue simu ya kupangusa, hata ya bei ndogo, aiache nyumbani au kwenye fremu yake ya biashara, na kitochi kiende kazini. Laini mbili na simu mbili si anasa katika nchi ambayo mtu mmoja huwa na namba za mitandao tofauti.

Linabaki suala ambalo wauzaji wachache hulitaja, nalo ni mtandao wenyewe. Kitochi cha bei ya chini hutumia 2G peke yake. Marekani, kampuni ya AT&T ilizima 2G yake mwanzoni mwa 2017, na Australia nayo imeshaizima; masafa yaleyale yakigeuzwa kuwa 4G hubeba mawasiliano mengi zaidi. Je, basi kila mtu anunue kitochi cha 4G? Hapana. Kwanza, maandishi “4G” kwenye boksi hayatoshi: kama simu haina VoLTE, yaani uwezo wa kupiga kupitia 4G yenyewe, au mtandao wako haujairuhusu simu hiyo, kila ukipiga itashuka kwenye 3G au 2G. Pili, simu ya duarani huanguka, hulowa, huibiwa. Kwa mchimbaji, kitochi cha 2G cha bei ndogo bado kinalipa, maana aghalabu kitakufa kabla ya mtandao wake. Wakala, mama wa mgahawa au mkulima wa pamba ambaye simu moja hukaa naye miaka, huyo aongeze pesa achukue ya 4G yenye VoLTE. Na tusiitukuze tochi kupita kiasi. Mtandao haushuki shimoni, na wachimbaji watano wa Nyangalata, Kahama, waliookolewa Novemba 2015 walikaa chini ya ardhi siku 41. Hakuna kitochi kinachotunza chaji muda huo. Taa ya kichwani inunuliwe kivyake.

Kuhusu betri, tafuta inayochomoka, hasa ya umbo la BL-5C, ambayo hata redio nyingi ndogo huitumia. Ikichoka unabadilisha betri na simu inabaki. Lakini usichukue betri yoyote tu. Mwaka 2007 Nokia yenyewe ililazimika kuwatahadharisha wateja kuhusu BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na mzabuni mmoja, kwa kuwa zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji. Ikiwa hata za kiwandani zilileta shida, ile iliyovimba kwenye meza ya barabarani ni ya kukimbia.

Dukani, washa simu kwanza. Bonyeza *#06# uone namba ya IMEI, ilinganishe na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 upate jina la simu. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, na hasara ilibaki kwa wanunuzi. Halafu jaribu vitufe kimoja kimoja, na nyota na reli uvibonyeze mara kumi kumi. Simu ambayo reli yake inagoma haitakutolea hata shilingi.