Usadikifu wa Wahusika: Mfano wa Tamthilia ya The Walking Dead

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umewahi kukutana na jibu la aina hii: kazi fulani ni dhaifu kwa kuwa mambo yake hayawezi kutokea. Miaka yangu ya kwanza darasani nililitunuku jibu kama hilo alama zote, na hadi leo najuta. Mwanafunzi yule alichanganya uhalisi na usadikifu. Uhalisi huuliza iwapo jambo linafanana na maisha tuyajuayo. Usadikifu huuliza iwapo, tukishaukubali ulimwengu wa kazi yenyewe, mhusika anatenda kama binadamu angetenda humo.

Tuchukue mfano ulio mbali na vitabu teule, asije mtu akakariri mwongozo. The Walking Dead ni tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyoonyeshwa kuanzia 2010 hadi 2022, chanzo chake kikiwa vibonzo vya Robert Kirkman. Wafu wanainuka na kuwala walio hai. Naibu wa sherifu, Rick Grimes, anazinduka hospitalini na kukuta dunia imeporomoka. Mazombi hao ni dai moja la ajabu. Tunalikubali, kama tunavyokubali sungura azungumze katika ngano. Baada ya hapo mtunzi hana ruhusa ya kutudai jingine.

Mtazame Carol. Mwanzoni ni mke anayepigwa na mumewe, Ed, mnyonge asiyeinua macho. Ed anapouawa na wafu, Carol anashika sululu na kuponda kichwa cha maiti huku akilia. Kisha binti yake, Sophia, anapotea, na hatimaye anatoka ghalani akiwa mmoja wa wafu. Kufikia msimu wa nne, katika gereza wanamoishi manusura, Carol anawafunza watoto kutumia visu kwa siri wakati wa hadithi. Tena anawaua wagonjwa wawili ili homa isienee. Ukimweka Carol huyu kando ya yule wa kwanza utasema tumedanganywa. Fuata hatua, hata hivyo, uone kila moja ilivyozaliwa na iliyotangulia: aliyeshindwa kumwokoa mwanawe hataki mtoto mwingine afe kwa kutojua kujikinga. Huyo ni mhusika duara. Mtahiniwa anayeandika "Carol ni katili" na kuishia hapo hajamsoma.

Jamii nazo tuzipime vivyo hivyo. Wanakula nini? Nani anaamua? Kwa nini watu wanatii? Gerezani Rick analima na kufuga nguruwe, kuna baraza, na kinachowaangamiza wengi ni homa iliyoanzia ndani ya ua. Mjini Woodbury wakazi wanamtii Governor kwa kuwa ukuta na bunduki ni vyake. Negan anadai nusu ya mali ya jamii jirani. Tunasadiki, maana wanaume wake wanaishi kwa jasho la wengine. Maswali hayohayo waweza kuyauliza kuhusu wakimbizi wa Msitu wa Mamba katika Chozi la Heri.

Dosari zipo. Petroli huchacha ikikaa muda mrefu, ilhali magari yaliendelea kunguruma misimu mingi, hadi farasi waliposhika zamu msimu wa tisa. Hilo nalisamehe. Nisilolisamehe ni la Glenn, mwaka 2015. Anaanguka katikati ya kundi la wafu, tunaonyeshwa matumbo yakiraruliwa, kisha vipindi vichache baadaye tunaarifiwa kwamba matumbo yalikuwa ya mwenzake, naye alijivuta chini ya pipa kubwa la taka. Hapa wafu hawana kosa. Mtunzi alitaka tulie, halafu akataka iwe kana kwamba hatukulia. Nilipowasimulia kidato cha tatu kisa hiki (sikuwaonyesha, damu ni nyingi mno), msichana mmoja akauliza, "Sasa, Mwalimu, akifa tena, nani atamwamini?"

Glenn alikufa kweli mwaka 2016.