Filme za suspensi: aina tano, na historia yetu ya Katanga mule ndani

Mtu akisema "hii ni filme ya suspensi", kila moja anawaza kintu yake. Huyu anawaza masasi na motokari zinafukuzana. Yule anawaza bibi mmoja peke yake mu nyumba ya giza. Mwingine anawaza kesi ya tribinali. Wote watatu wako na haki, kwa sababu suspensi iko na matawi mengi.

Kwanza, suspensi njo nini? Alfred Hitchcock alikuwa anaieleza kwa mfano wa bomu. Watu wamekaa ku meza wanazungumuza, bomu inapasuka: unashituka sekonde kidogo, inaisha. Lakini kama ulimuona mtu anaweka ile bomu chini ya meza, na unajua saa yake, hata wakizungumuza mambo ya mupira unatoka jasho. Suspensi ni hiyo: wewe unajua kintu, mutu wa mu filme hajui, na saa inatembea.

Kisha aina zinatofautiana kwa ulizo moja: hatari inatokea wapi?

1. Ya mabandi. Hatari inatokea ku pesa. Mfano wetu ni Viva Riva! ya Djo Tunda Wa Munga (2010). Riva anarudi Kinshasa na esansi ya kuiba kutoka Angola, wakati mji umekauka. Wenye mali wanamufuata. Kila mukongomani aliyekwisha kupanga mulongo ku stesheni anaelewa mara moja sababu gani watu wanauana juu ya mafuta. Kule Kenya, Nairobi Half Life (2012) iko mu kundi hii.

2. Ya politiki. Hatari inatokea ku utawala. Raoul Peck, mu-Haiti aliyekulia kwa sehemu hapa Kongo, alifanya Lumumba (2000). Sisi wote tunajua mwisho: tarehe 17 Januari 1961, Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa karibu na mji wetu. Filme yenyewe inaanza na miili yao. Basi suspensi inabakia wapi? Ulizo haiko tena "atakufa?", inakuwa "nani alifunga mlango, na saa ngapi?" Ni kama bomu ya Hitchcock: sisi tunajua, yeye hajui.

3. Ya vita na kuzungukwa. Hatari iko inje, na risasi zinaisha. The Siege of Jadotville (2016) inaeleza askari wa Ireland wa ONU waliozungukwa Likasi mu Septemba 1961. Iko nzuri kwa mapigo. Lakini angalia vizuri: ilitengenezwa Afrika Kusini, na mu-Katanga mule ndani ni mtu wa mbali anayekimbia mu majani na bunduki.

4. Ya uchunguzi. Hatari ilikwisha kupita, tunatafuta nani alifanya. Hapa hata filme za kweli, bila ba-acteurs, zinaingia. L'Affaire Chebeya ya Thierry Michel (2012) inafuata kesi ya kifo cha Floribert Chebeya, mutetezi wa haki za binadamu aliyekutwa amekufa mu Juni 2010. Cold Case Hammarskjöld (2019) inauliza sababu ya ndege kuanguka Ndola, hapa jirani, mu 1961.

5. Ya kichwani. Hujui kama hatari iko kweli ao iko mu akili ya mtu. Get Out (2017) inajulikana. Augure ya Baloji (2023), mtoto wa Lubumbashi, inachanganya aina nyingi, lakini iko na mzizi huu: kijana anarudi kutoka Ulaya na muchumba wake, jamaa yake mwenyewe inamuona ni mulozi.

Sasa, sababu gani hii inatuangalia sisi? Kwa sababu kuchagua aina ni kuchagua mahali pa kusimamisha kamera. Septemba 1961 ikiwa filme ya vita, tunakuwa majani tu. Ikiwa ya politiki ao ya uchunguzi, tunapata majina, sauti, na maulizo. Na karibu filme zote za Katanga nilizotaja hapa zilifanywa na wageni.

Kuko pia mambo ya feza. Aina ya 1 na ya 3 zinakula pesa: motokari, silaha, watu wengi. Aina ya 4 na ya 5 zinaomba chumba, watu wawili, na siri moja. Telefone inatosha kuanza.

Mfano: lori iko mu mulongo ku Kasumbalesa. Shofere anakunywa chai, anacheka na wenzake. Sisi tu njo tulimuona mtu usiku akificha kintu chini ya mizigo. Mbele yake mubakia malori matatu tu.

Hapana masasi hata moja, lakini hakuna atakayesimama kwenda kunywa maji.