Barua Pepe za Utapeli: Tazama Unachoombwa, Usitazame Ilivyopambwa

Mwaka 2023 mji wa Eldoret ulitajwa sana kwenye habari, na safari hiyo haikuwa kwa ajili ya wanariadha wake. Wazazi waliandamana wakidai pesa walizolipa ili watoto wao waende kusoma Finland na Canada kupitia mpango uliosimamiwa na kaunti ya Uasin Gishu. Mwaka huo huo mamia ya vijana walilalamika katika mji huo huo kwamba walimlipa wakala wa kazi za ng'ambo na safari zisiwe. Suala la Finland lilifika mahakamani Nakuru, washtakiwa wakakana mashtaka, na hilo tuwaachie mahakimu.

Mambo hayo mawili hayakuwa utapeli wa barua pepe. Twayataja kwa sababu yanaonyesha wazi kitu ambacho kila tapeli wa barua pepe hukitegemea. Wazazi waliouza ng'ombe na mashamba hawakuwa wajinga. Walikuwa na haja ya kweli, na haja hiyo ilikuja na karatasi zenye mihuri. Tapeli wa mtandaoni naye hufanya vivyo hivyo. Haanzi na kompyuta, huanza na haja iliyomo nyumbani mwako, kisha huitafutia barua ya kufanana nayo.

Sisi wa Pwani haja hizo twazijua. Kuna kijana anayengoja kazi Qatar au Saudia, kuna mfanyabiashara mwenye kontena Kilindini, kuna mzazi anayesomesha mtoto Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret. Mzigo ushushwao Mombasa hupanda barabara hadi Eldoret na kuvuka Malaba, na barua pepe za ankara na malipo husafiri njia hiyo hiyo. Kwa hivyo yanayomfika wa Eldoret yaweza kumfika wa Kisauni kesho.

Jina la mtumaji si ushahidi

Tuanze na jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Jina linaloonekana juu ya barua pepe ni kama jina lililoandikwa nyuma ya bahasha. Yeyote aweza kuandika "Gavana" au "Benki" nyuma ya bahasha, na mtu wa posta hatamuuliza kitambulisho. Simu nyingi huonyesha jina tu na kuificha anwani. Liguse jina hilo uione anwani yenyewe.

Ukishaiona, tazama kilicho baada ya alama ya @. Nchini Kenya anwani zinazoishia na .go.ke zimewekewa ofisi za serikali, na .ac.ke ni za vyuo. Lakini .co.ke au .com aweza kuinunua mtu yeyote kwa pesa kidogo. Ubalozi hautoi viza kwa anwani ya Gmail.

Anwani za tovuti nazo zina hila yake. Kinachohesabika ni maneno ya mwisho kabla ya mkwaju wa kwanza, si ya mwanzo. Tovuti ya mamlaka ya ushuru ni kra.go.ke. Mtu akikutumia kiungo kilichoandikwa kra.go.ke.rejesha-kodi.com, mwenye tovuti hiyo ni "rejesha-kodi.com", na KRA haimo humo hata kidogo. Maneno ya mwanzo ni rangi tu iliyopakwa mlangoni.

Hata hivyo, anwani sahihi pia haitoshi. Mara nyingine tapeli huwa ameiba neno la siri la mtu unayemjua, na barua hutoka kwenye anwani yake halisi. Ndiyo maana swali kubwa si "imetoka kwa nani?" bali "inaniomba nini?"

Kazi, masomo na viza

Hii ndiyo inayowaumiza vijana zaidi. Barua hukupongeza: umepata kazi Canada au nafasi ya kusoma Ulaya. Huna habari ya kuomba, au uliomba pahali pengine kabisa. Hakuna aliyekuhoji, lakini mshahara umeshatajwa. Kisha yaja maombi: pesa kidogo za fomu, halafu za daktari, halafu za bima, halafu za "kuharakisha" viza. Kila malipo ni madogo kuliko yale ambayo ungeyapoteza ukiacha. Hapo ndipo mtego ulipo: aliyelipa mara tatu huona haya kuiacha ya nne.

Umoja wa Mataifa hautozi mwombaji kazi ada yoyote, katika hatua yoyote. Bahati nasibu ya viza ya Marekani, ile watu waiitayo Green Card, haitumi barua pepe kumwambia mtu ameshinda. Mwombaji mwenyewe huingia kwenye tovuti ya serikali ya Marekani kutazama jibu lake. Ada za viza hulipwa kwa njia zilizotajwa kwenye tovuti ya nchi husika, si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Na kwa kazi za ng'ambo, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira huchapisha mtandaoni orodha ya mawakala wenye leseni. Kama jina halimo, usilipe hata shilingi.

Ankara iliyobadilishwa akaunti

Wafanyabiashara, hii ni yenu. Tuseme duka la vipuri Eldoret limeagiza mzigo Dubai, na wakala wake wa forodha yuko Mombasa. Tapeli ameingia kwenye barua pepe ya mmoja wao na amekaa kimya wiki kadhaa akisoma. Anajua bei, anajua jina la meli, anajua nani humwita nani "bosi". Siku ya malipo inapokaribia, yaja barua yenye nembo ile ile: "Tafadhali tumebadilisha benki, lipa kwenye akaunti hii mpya." Pesa hutumwa, na ukweli hujulikana siku muuzaji anapopiga simu kuuliza kwa nini hajalipwa.

Utapeli huu hauna tamaa ndani yake. Mtu alikuwa analipa deni lake halali. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea malalamiko ya hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kwa utapeli wa aina hii katika mwaka 2023 pekee. Hata Google na Facebook ziliwahi kulipa ankara bandia za zaidi ya dola milioni 100, kati ya 2013 na 2015, kwa mtu mmoja wa Lithuania aliyejifanya muuzaji wa mitambo. Alifungwa miaka mitano mwaka 2019.

Dawa yake ni ndogo. Akaunti ikibadilika, piga simu kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, usikie sauti unayoijua. Usipige nambari iliyoandikwa kwenye barua hiyo, maana atakayepokea ni tapeli mwenyewe.

"Akaunti yako itafungwa leo"

Barua hii hutumia hofu. Yasema benki, KRA au kampuni ya barua pepe imegundua tatizo, na una saa 24. Ukibofya kiungo, unafika kwenye ukurasa unaofanana kabisa na wa kweli na kuulizwa neno lako la siri. Ukiliandika, umempa mtu funguo za nyumba. Wengine hukuomba pia ile nambari inayotumwa kwa SMS kuthibitisha ni wewe. Hiyo usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki.

Njia salama ni kuacha kiungo kilipo. Fungua tovuti ya benki kwa kuandika anwani yake mwenyewe, au tumia programu iliyomo simuni. Kama tatizo ni la kweli utalikuta huko. Tahadhari hiyo hiyo itumike kwa faili zilizoambatishwa ambazo hukuzitarajia, hasa zile zilizofungwa na kuja na nambari ya kuzifungulia.

Urithi wa marehemu usiyemjua

Hii ndiyo kongwe. Kuna mamilioni benki, mwenyewe amekufa, na wewe umechaguliwa kusaidia kuyatoa. Watu huiita "419", kutokana na kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria, lakini hila yenyewe ilikuwapo kabla ya kompyuta: karne ya 19 walaghai Ulaya waliandika barua kuhusu tajiri aliyefungwa gerezani Hispania, mwenye hazina iliyofichwa.

Watu huicheka, wakiuliza nani atakayeamini upuuzi kama huu. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, alieleza kuwa upuuzi huo una kazi: humchuja mwenye shaka mapema, ili tapeli asipoteze muda naye. Anayejibu ni yule aliyekwisha kuwa laini, mara nyingi mzee, mjane, au mtu aliyebanwa na deni. Kwa hivyo usiicheke tu na kuifuta. Muulize mama yako kama naye ameipata.

Vitisho vya picha

Barua yasema: nimeingia kwenye simu yako, nimekurekodi kwa kamera, nitawatumia jamaa zako usipolipa kwa Bitcoin. Ili kukutisha zaidi hutaja neno la siri uliowahi kulitumia kweli. Mara nyingi hana picha yoyote. Neno hilo limetoka kwenye orodha zilizovuja kutoka tovuti fulani ulikojisajili miaka iliyopita, na barua hiyo hiyo imetumwa kwa maelfu. Usijibu, usilipe, na badilisha neno hilo popote unapolitumia bado. Vijana wengi hubeba vitisho hivi peke yao kwa kuona haya. Wajue mapema kwamba wakija kwetu hatutaanza na kuwafokea.

Anayekuja kukurudishia ulichopoteza

Aliyetapeliwa mara moja jina lake huuzwa. Miezi baadaye hupata barua ya "wakili" au "ofisi ya upelelezi" ikisema pesa zake zimepatikana, alipe ada kidogo zitolewe. Ni tapeli wa pili, au yule yule wa kwanza. Mji kama Eldoret, wenye familia nyingi zinazongoja kurudishiwa pesa, lazima uichunge sana barua ya namna hii.

Lugha mbovu si dalili tena

Zamani tuliambiwa tutazame makosa ya Kiingereza. Ushauri huo umepitwa na wakati. Leo programu za akili bandia huandika barua safi kwa dakika moja, hata kwa Kiswahili. Nembo hunakiliwa, sahihi hunakiliwa, na sauti pia huigizwa. Ukingoja kosa la herufi likuokoe, utangoja sana.

Kisichobadilika ni maombi. Kabla ya kulipa, kubofya au kutoa nambari ya siri, jiulize manne. Je, naharakishwa? Je, naambiwa nisimwambie mtu? Je, natakiwa nitoe pesa au siri kabla ya kupokea chochote? Je, nimethibitisha kwa njia nyingine, nje ya barua hii? Mawili kati ya matatu ya kwanza yakijibiwa "ndiyo", na la nne "bado", simama. Ofisi ya kweli haitakasirika ukichelewa saa moja kwa kuuliza. Tapeli atakasirika.

Ukishalipa au ukishabofya

Saa za kwanza ndizo zenye thamani. Kama ulituma kwa M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba urejeshewe, na upige simu kwa kampuni. Kama ni benki, wapigie mara moja waombe malipo yazuiwe. Kama ulitoa neno la siri, libadilishe ukitumia kifaa kingine, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili. SMS za utapeli hupelekwa kwa 333. Usifute barua ya tapeli, ni ushahidi.

Kisha ripoti polisi, au piga simu ya bure ya DCI, 0800 722 203. Sheria ipo: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, kifungu cha 30, iliweka kwa utapeli wa kuiba siri za watu faini isiyozidi Sh300,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini sheria haiwezi kumfuata mtu ambaye hakuna aliyemripoti.

Na hapa ndipo penye ugumu kwetu. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa mtaani. Ukimya huo ni mtaji wa tapeli, kwani barua iliyomla mtu Jumatatu itamla jirani yake Jumanne, na neno moja lingetosha kumwokoa. Jamaa akija kukuambia amelipa, usianze na "ulikuwa wapi akili yako?" Anza na "umelipa saa ngapi?", kisha mpigieni benki pamoja.