Umri, Ridhaa na Ndoa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara

Katika mazungumzo ya kila siku, ubakaji hufahamika kuwa ni tendo la kutumia nguvu. Ndiyo maana mshtakiwa anayeeleza kuwa msichana alikubali hudhani amekwishajitetea. Kwa mujibu wa kifungu cha 130(2)(e) cha Kanuni ya Adhabu, sharti lililoletwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, utetezi huo hauna nafasi iwapo msichana hajatimiza miaka 18. Mahakama haiulizi kama alikubali. Inauliza ana umri gani.

Kwa kuwa umri ndio unaobeba kosa, ni lazima uthibitishwe. Katika shauri la Isaya Renatus dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa ushahidi wa umri unaweza kutolewa na mwathirika mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au kwa cheti cha kuzaliwa pale kinapopatikana. Mwongozo huu una maana kubwa katika nchi ambamo watoto wengi hukua bila cheti. Hata hivyo, umri ulioandikwa katika hati ya mashtaka pekee si ushahidi. Upande wa mashtaka ukisahau kumuuliza mama swali hilo moja, kesi yenye mashahidi wengi inaweza kuanguka.

Adhabu yake ni nzito: kifungo kisichopungua miaka 30, pamoja na fidia kwa mwathirika; na ikiwa mtoto ana umri chini ya miaka 10, kifungo cha maisha. Mvulana wa miaka 18 au chini ana masharti yake tofauti.

Utata mkubwa umo katika maneno ya mwisho ya kifungu hichohicho, yanayomwondoa katika kosa mume wa msichana aliyefikisha miaka 15 ambaye hawajatengana. Yaani, tendo lilelile kwa msichana wa umri uleule ni miaka 30 gerezani nje ya ndoa, na si kosa ndani yake. Msamaha huo uliegemea Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Shauri hilo lilihusu Sheria ya Ndoa. Msamaha uliomo katika kifungu cha 130 haukupingwa ndani yake.